Kikohozi Kilichomwinua Mama Mkwe

Siku mama mkwe wangu alipohamia kwetu, nilitoka kazini nikasimama penye lango, nikakohoa mara mbili, nikangoja. Nikasikia kigoda kikiburutwa, fimbo ikigonga ardhi, mlango wa nyumba yake ndogo ukilia, kisha kimya. Ndipo nikaingia. Kila mtu alikuwa amefanya sehemu yake, na hata mbuzi walionekana kuridhika.

Nieleze kidogo, maana vijana wa siku hizi wanasalimiana na mama mkwe kwa kumkumbatia. Kwa Wakamba wa umri wa mama mkwe wangu, mwanamume na mama aliyemzaa mkewe hawakutani uso kwa uso. Si ugomvi, ni heshima. Wakiwa njia moja, huyu anaingia kichaka cha kulia na yule cha kushoto, wanapita kama watu wasiojuana. Na wakikaa boma moja, ni juu ya mwanamume kukohoa kabla hajatokea, ili mama apate nafasi ya kujisitiri. Pasta wetu hapa Zombe amehubiri mara nyingi kwamba ya kale yamepita. Mama mkwe husikiliza, huitikia amina kwa sauti kuliko kanisa zima, halafu akirudi nyumbani anasikiliza langoni.

Kikohozi hicho cha mara mbili kilikuwa cha hiari. Nakitaja kwa sababu ndicho kikohozi cha mwisho cha hiari nilichokohoa kwa karibu mwaka mzima.

Alikuja kwetu kutoka Nuu kwa sababu hizi. Baba mkwe alishafariki, nyonga ya mama ikawa mbovu, na macho yamepungua. Siku moja alianguka akienda kuteka maji, akakaa mchangani nusu siku mpaka akapita mtu wa mbuzi akamwinua. Mke wangu aliposikia hivyo hakula siku mbili. Tulimjengea nyumba ya chumba kimoja kando ya ghala, mlango ukiangalia uani na shamba lake la kunde likiwa nyuma, na mke wangu akaanza tena kuimba akiosha vyombo. Mimi nilijua kitu kimoja tu: huyu mama akirudi Nuu peke yake, nyumba hii haitasikia wimbo tena.

Sasa mpe mama wa namna hiyo mkwe anayekohoa kutwa.

Kilianza kama unyoya wa kuku umekwama kooni. Nikameza mate, hautoki. Nikanywa maji, hautoki. Nikakohoa, ukatulia kidogo kama mtoto aliyepewa biskuti, kisha ukaanza upya. Kikohozi kikavu, hakina makohozi, hakina homa, hakina chochote isipokuwa kelele. Nilikohoa mpaka njiwa waliokuwa juu ya bati letu wakahamia kwa jirani, na jirani akaja kunishukuru. Mbavu ziliuma kama nimegongwa na lori. Nilikuwa nikicheka, nakohoa. Nikipokea simu, nakohoa kabla ya kusema halo, na watu wakazoea kunijibu, "Sawa, tumejua ni wewe."

Kazi yangu ni ya stoo. Tunanunua ndengu kwa wakulima, tunapepeta, tunapima, tunashona magunia. Ukikohoa ukiwa umeshika sindano ya gunia, mshono unakwenda Mutomo na wewe ulitaka uende Mwingi. Magunia yangu yalikuwa na mishono kama maandishi yangu ya siku za kwanza kule gumbaru, shule yetu ya watu wazima ya jioni, ambako nilijifunza kuandika nikiwa tayari na ndevu. Wakulima wakiniona naanza kukunja uso, wanarudi nyuma hatua tatu. Tangu ile corona, mtu akikohoa mbele za watu ni kama ametoa panga.

Kanisani ilikuwa mbaya zaidi. Benchi la watu sita nililikalia peke yangu kama mbunge. Na mimi ndimi katibu, ndimi msomaji wa matangazo, kazi niliyoipigania kwa sababu ya cheti changu cha jioni. Jumapili moja nilitangaza ndoa. Nikasoma jina la bwana harusi, nikakohoa. Nilipomaliza, jicho lilikuwa limeruka mistari miwili, nikasoma jina la mzee aliyechaguliwa kuwa mweka hazina wa jengo jipya. Kanisa zima likashika kichwa. Bibi harusi alikuwa amekaa pale pale, na mweka hazina mwenyewe, mtu wa miaka sabini na kitu, alisimama kupinga ndoa yake. Tangu siku hiyo matangazo yanasomwa na mtu mwingine. Nikaambiwa ni kwa muda, nipumzike.

Hayo yote ningeyavumilia. Mambo yalikuwa nyumbani.

Kila nikikohoa, mama mkwe anainuka. Hakujali niko wapi. Nikikohoa nikiwa chooni, anaokota fimbo. Nikikohoa nikiwa ndani ya nyumba yangu nikinywa uji, anaweka chini kiondo anachosuka, anakusanya nyuzi zake za mkonge, anainuka kwa ile nyonga yake polepole, anaingia ndani, anafunga mlango. Anangoja. Mimi sitokei, kwa sababu sikuwa nakwenda popote. Anafungua mlango, anatoka, anakaa, anatafuta mahali alipoachia kusuka. Nakohoa. Anainuka tena. Nikisema ilikuwa mara elfu kwa siku, mke wangu atawaambia ni arobaini. Mumsikilize yeye, lakini yeye naye hakuwa akihesabu siku za Jumapili.

Nilijaribu kuzuia. Nilikuwa nauma mkono wa shati, machozi yananitoka, nasikia kifua kinataka kupasuka, na nikishindwa kinatoka kikohozi kikubwa kuliko ambavyo kingekuwa. Upande wa pili wa ghala nasikia, "Ai! Huyo amefika."

Mke wangu alijaribu kumweleza. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, nikisikia yote, na wote wawili wakijua nasikia.

"Mwaitu," alimwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, "hicho si cha hodi. Ni ugonjwa. Wewe kaa tu."

"Nitajuaje?"

"Cha hodi ni mara mbili. Cha ugonjwa ni nyingi."

"Kwani cha ugonjwa hakianzi na mara mbili?"

Huko nyuma, nikahesabu kwa vidole: kweli, kilianza na mara mbili.

"Na siku nikikaa," mama akaendelea, "nikisema huo ni ugonjwa, halafu atokee hapa mbele yangu na suruali yake, nitaficha wapi uso huu? Nimeutunza miaka yote hii."

Mwezi wa tano au wa sita wa kikohozi, sikumbuki vizuri maana siku zilifanana, aliinuka kwa haraka, mguu ukakwama kizingitini, akaanguka na mkono ukachubuka kutoka kiwiko mpaka kifundo. Mke wangu alimfunga kitambaa, na vyombo siku hiyo vikaoshwa bila wimbo. Jioni hiyo mama mkwe akasema kupitia ukuta, akijifanya anazungumza na bintiye:

"Mwambie muthoni," yaani mkwe, "sina neno naye. Amenijengea nyumba nzuri. Lakini hapa sikai, nafanya mazoezi kama askari. Mbaazi zikishavunwa, nitarudi kwangu Nuu."

"Utaanguka tena huko, Mwaitu."

"Hapa sijaanguka?"

Mbaazi wakati huo zilikuwa na maua. Nilizitazama yale maua ya manjano nikayaona kama kalenda.

Basi nikaanza kutafuta dawa kama mtu aliyepoteza ng'ombe. Nesi wa dispensari alinipa kikopo, akasema nilete makohozi. Makohozi gani? Nilikaa na kikopo kile nyuma ya dispensari nikikohoa mpaka wagonjwa wengine wakanionea huruma, na nilichopata kingejaza kifuniko cha kalamu. Wakapima. Si TB. Wakapima tena. Si TB. Watu wa kanisani walifurahi, lakini hawakurudi kwenye benchi langu.

Nesi akaniuliza kama kuna dawa ninayokunywa, nikasema hakuna. "Ni vumbi la ndengu," akasema. Mwenye stoo akanipa mwezi mzima nikae mbali na magunia. Nilikaa. Kikohozi kikakaa na mimi. Mmoja akaniambia ni moshi wa kuni, nikahamisha kiti changu mbali na jikoni. Mwingine akasema ni mto wa kulalia, mke wangu akautoa manyoya akaweka nguo kuukuu. Nikanywa ndimu na asali ya Mwingi mpaka nyuki wakaanza kunitambua. Nikatafuna tangawizi. Nikanywa mwarobaini, nikatapika, nikakohoa. Kila mtu alikuwa na uhakika wake, na mimi peke yangu, mwenye kifua, sikuwa na uhakika wowote. Ilifika mahali nikiulizwa "Unaendeleaje?" natazama pande zote kwanza kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani.

Ndugu yangu mkubwa anaishi Emali, ana kibanda cha kuuza tairi pale malori yanapoegeshwa. Akanipigia: "Mwalimu" (ananiita hivyo kwa kunidhihaki tangu nipate cheti) "njoo huku upigwe picha ya kifua, uache kutangatanga na majani kama mbuzi."

Nikaenda. Nikapigwa picha. Daktari kijana akaiinua kwenye mwanga, akaitazama, akageuka.

"Mzee, kifua chako ni safi kama sahani ya harusi."

"Sasa kinacholia ni nini?"

"Hilo ndilo swali." Akafungua daftari. "Unavuta sigara?"

"Hapana."

"Kuna dawa yoyote unayokunywa?"

"Hakuna."

Hapa lazima nisimame niseme ukweli, maana jibu hilo ndilo lililonipotosha, na nililitoa nikiwa na akili zangu zote. Miezi ya nyuma, kabla mama mkwe hajahamia kwetu, nilikuwa nimemtembelea huyu ndugu yangu, nikakuta watu wakipimwa presha bure sokoni. Nikapima kwa mchezo. Ikasoma juu. Nikapelekwa kliniki, nikapewa tembe, moja kila asubuhi, na kuambiwa nirudi kuchukua nyingine zikiisha. Lakini presha kwetu si ugonjwa wa kutangaza. Ukisema una presha, mkeo atakuuliza unafikiria nini ambacho hajui. Jirani atasema una mambo moyoni. Kwa hiyo tembe zile nilizitia kwenye mkebe wangu wa hesabu wa gumbaru, ule wa bati wenye bikari na rula, mahali ambapo hakuna mtu angetafuta kitu. Kila asubuhi nilikwenda nyuma ya ghala kama nakagua panya, nafungua mkebe, nameza, nafunga. Na kwa sababu sikuwa nikiumwa popote nilipozianza, sikuzihesabu kama dawa. Dawa ni ya mgonjwa. Hizi zilikuwa, sijui niseme nini, kama kufunga mkanda wa suruali.

Na siku hiyo hiyo, picha ya kifua ikiwa kwapani, nilipitia ile kliniki ya presha nikachukua tembe nyingine. Aliyenipa aliniuliza, "Mbona unakohoa hivyo?" Nikamwambia ni vumbi la ndengu. Akaniambia pole.

Nilirudi Zombe nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Mtu mwenye TB anajua ana TB. Mimi nilikuwa na kifua safi kinachobweka. Usiombe.

Mbaazi zikaanza kufunga maganda.

Nikaona basi, kama kikohozi hakiponi, nitakiondoa kazini. Gumbaru walitufundisha kwamba mahali watu hawaelewani, mnatafuta alama moja ambayo haina ubishi. Nikalivua beberu letu kengele yake shingoni. Nikamwambia mke wangu amweleze mama: kuanzia leo, kikohozi ni ugonjwa, kengele ndiyo mkwe. Nikifika langoni nitapiga kengele. Asipoisikia, akae kwa amani hata nikikohoa mpaka bati ling'oke.

"Ati kengele?" mama mkwe akasema. Kisha akacheka, kicheko cha kwanza tangu aanguke. "Haya. Bora isiwe na pembe."

Siku tatu mambo yalikwenda vizuri ajabu. Nilitembea kutoka sokoni na kengele mfukoni, nikifika langoni natoa, napiga, mama anaingia ndani kwa starehe, napita. Mke wangu akaimba nusu ya wimbo. Nilijisifu sana. Nilimpigia ndugu yangu nikamwambia serikali inipe kazi ya mipango.

Kosa letu lilikuwa dogo na la mtu yeyote anayefuga. Beberu lisilo na kengele liliingia shamba la kunde la mama mkwe, kwa sababu hakuna aliyelisikia likienda. Likala mistari miwili. Mke wangu akatafuta kengele nyingine kuukuu, akalivisha beberu, akaendelea na shughuli zake. Hakuniambia. Mimi nami sikumwambia kwamba kule kuimba kwake kumenipa kiburi, na kwamba nilikuwa nimepanga kuanza kupitia njia ya nyuma, katikati ya kunde, ili mama asilazimike kabisa kuinuka pale mbele.

Ilikuwa saa kumi jioni, jua kali. Nilipofika karibu na lango, kikohozi kikanishika, kikanitikisa, nikakiacha kipite. Kisha nikazunguka nyuma. Nikaingia kundeni, nikainama kidogo nisikanyage, gunia tupu begani, kengele mkononi, naipiga polepole kwa adabu. Ting, ting.

Nisichokijua ni kwamba mwili wa mama mkwe ulikuwa umeshazoea kikohozi changu. Masikio yake yalijua ni ugonjwa, lakini miguu haikuwa imeambiwa. Aliposikia kikohozi langoni aliinuka, na kwa kuwa alidhani mimi nakuja kutoka mbele, alikwenda kujificha nyuma ya ghala, palipokuwa karibu kuliko mlango wake. Huko akasikia kengele ndani ya kunde zake. Akaona kwa macho yake yale kitu cha kahawia kimeinama.

Fimbo ya kwanza ilinipata pajani.

"Toka! Toka, mla vya watu!"

Ya pili ilinipata mgongoni. Nguvu ile, mtu wa nyonga mbovu, sijui aliikopa wapi. Ya tatu ilikuwa hewani nilipokohoa.

Fimbo ikasimama pale pale juu.

"Ngai wakwa," akasema polepole. Mungu wangu.

Nilikuwa nimeshainua uso. Alikuwa amenitazama na mimi nimemtazama, umbali wa mkono, baada ya miaka kumi na minane ya ndoa. Nakumbuka nilishangaa kwamba ana kidoti kama cha mke wangu, pale pale juu ya mdomo. Kisha akajitupia leso kichwani mpaka kifuani. Mimi sikuwa na leso. Nilikuwa na gunia tupu begani, nikaliingiza kichwa chote, nikachuchumaa katikati ya kunde.

Mke wangu alitufikia mbio akidhani ni nyoka. Alimkuta mamake amefunikwa leso, mumewe amefunikwa gunia, kengele imeanguka kati yetu, na beberu, lenye kengele yake, limesimama kando likituangalia. Alikaa chini. Alicheka mpaka akalia, kisha akalia kweli.

"Basi, kesho atakwenda," akasema. "Hii haitengenezeki."

Vumbi la gunia liliniingia puani, nikakohoa humo ndani, na kila nikikohoa gunia linavimba. Sikujua nani amemkosea nani. Mimi ndiye niliyekuja kama mbuzi. Yeye ndiye aliyempiga mkwe. Katika kila tulichofundishwa, hakuna aliyewahi kufikiria mambo kama haya.

Mama mkwe ndiye aliyeamua. Nilisikia akisogea, akakaa kwenye jiwe la ghala.

"Binti yangu, mwambie muthoni ageuke aangalie shamba. Mimi naangalia ukuta."

"Mwaitu anasema ugeuke."

"Nimesikia," nikasema ndani ya gunia. Nikageuka. Nikalivua.

"Kwa kuwa nimeshamchapa," mama mkwe akaendelea, na sauti yake haikuwa tena ya kuzungumza na bintiye, "acha na neno lenyewe nilimalize. Muthoni."

Hakuwahi kuniita moja kwa moja.

"Naam, mama."

"Mama mkwe haulizi habari za mwili wa mkwe. Ndiyo maana nimekaa kimya. Lakini nakaa hapa kutwa, sina kazi nyingine ila kusuka na kukusikiliza. Kile kibati unachofungua kila asubuhi nyuma ya ukuta wangu. Unakula nini humo?"

Nilitamani gunia langu.

"Kibati gani?" mke wangu akauliza.

"Ni... ni mkebe wa gumbaru," nikasema.

"Rula haimezwi na maji," mama mkwe akasema. "Nasikia karatasi ikipasuka, nasikia unameza. Ni za presha?"

"Presha?" Mke wangu alisimama. "Presha ya nini? Unafikiria nini wewe?"

"Mwache, utagombana naye baadaye," mamake akasema. "Muthoni, hata mimi ninazo. Za kwanza nilizopewa kule Nuu zilinikohoza msimu mzima. Kikavu hivi hivi, kama unyoya. Kanisani walinikimbia. Nesi akanibadilishia, akasema kuna watu ile aina haiwakubali. Nilipokuja hapa nikasikia kibati, kisha kikohozi, siku nenda siku rudi. Nikasema, huyu ana zangu zile. Lakini ningekuambia kupitia wapi? Nimwambie binti yangu, nifichue siri ya mumewe? Na kama si zenyewe?"

Aliinuka na kufuta fimbo kwenye leso, kana kwamba ilikuwa imechafuka kwangu.

"Peleka kibati chote dispensari. Usizitupe mwenyewe, presha si mchezo. Waoneshe."

Kesho yake nilikwenda na mkebe. Mke wangu alikuja nami, ili nisije nikasema tena hakuna. Nesi aliufungua, akatoa rula, akatoa bikari, akatoa tembe, akasoma jina nyuma ya karatasi.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza dawa," nikasema. "Hizi ni za presha."

Akaweka kichwa mezani. Alipokiinua alinipima, akamwita mkubwa wake, wakanibadilishia aina nyingine. Akasema huenda ndizo, huenda sizo, na hata kama ndizo kikohozi kinaweza kuchukua wiki nyingi kuondoka, kwa hiyo nisirudi kesho kumsumbua.

Wiki ya kwanza nilikohoa vile vile. Ya pili vile vile, na nikaanza kumwonea shaka mama mkwe, kisha nesi, kisha ndengu upya. Mbaazi zikakauka. Tukavuna. Nilipiga yale maganda kwa mti uani huku nikikohoa, nikijua kila gunia linalojaa ni hatua moja ya kwenda Nuu. Kiondo chake kikubwa kilikuwa kimetundikwa mlangoni, tupu, kinangoja nguo.

Sijui kilikwenda lini. Hilo ndilo bado linanichanganya mpaka leo. Kitu kilichoniharibia mwaka mzima, ungetegemea kiage. Siku moja nilirudi kutoka stoo, nikasimama langoni, nikangoja kikohozi kije kama kawaida kinitangulie. Hakikuja. Nikangoja. Koo lilikuwa kavu na tulivu kama kanisa la Jumatatu. Nikajaribu kukumbuka jana yake kama nilikohoa. Sikukumbuka. Hata sasa siwezi kuapa kama zilikuwa zile tembe, au vumbi, au zile fimbo mbili.

Sasa niingieje? Kengele nilikuwa nimeiacha tangu siku ya fimbo. Ikabidi nikohoe mwenyewe, mara mbili. Kikatoka kitu cha uongo, chembamba, hata mimi nilikionea haya.

"Mwambie huyo wa langoni hatununui kitu!" mama mkwe akapaza sauti.

"Mwaitu, ni yeye," mke wangu akamjibu kutoka jikoni, akicheka.

"Huyo? Huyo si yeye. Wetu anakohoa vizuri."

Nikaingia polepole, nikitazama chini. Hakuinuka. Ndipo nikaona kwamba kigoda chake kilikuwa kimegeuzwa, kinaangalia ukuta wa ghala, mgongo wake ukiwa kwa lango na kwa dunia yote. Kile kiondo kikubwa kilikuwa magotini mwake, kimejaa mbaazi, na alikuwa akizichagua moja moja kwa vidole, taratibu, kama mtu anayechagua shanga. Kando yake kulikuwa na gunia zima bado halijaguswa.

"Mbaazi hizi zina mawe mengi," aliuambia ukuta. "Sidhani zitaisha kabla ya mvua."

Nilisimama nyuma yake. Desturi inasema nisijibu. Fimbo zake mbili zinasema tumeshapita hapo. Sikujua nifuate lipi. Mke wangu alikuwa ametokea mlangoni na sufuria mkononi, ananisubiri.

Nikakohoa, mara mbili, nikapita.